Vigelegele vya Ng'ambo ya Ukuta

"Hongera, mama! Umeruzukiwa!" dada wa ofisi ya majitaka alipaza sauti getini.

Mvua ya Uluguru ilikuwa imekatika punde tu. Mwamvita, kanga kifuani na koleo mkononi, alikuwa akizuia kwa mchanga maji meusi yaliyofurika kutoka shimo la choo chake yasiingie kwa jirani. Kila masika ndiyo kazi yake. Na tangu masika yaliyopita, jirani huyo hakuwahi kuitikia hata salamu yake.

Lakini neno lile lilimkuta jirani jikoni. Kwao, mwanamke akiruzukiwa, basi ni mtoto.

Vigelegele vikalipuka ng'ambo ya ukuta, kisha kichwa kikachomoza. "Shoga! Na mvi zote hizo?"

"Mtoto gani!" Mwamvita alicheka mpaka koleo likamdondoka. "Ni ruzuku ya choo! Wananilipia kuunganishwa na bomba kuu la majitaka. Hili shimo linafukiwa!"

Jirani akayatazama yale maji meusi, yaliyokuwa yamefika karibu kabisa na ukuta wake.

Kisha akajifunga kibwebwe, akapiga vigelegele virefu kuliko vile vya mtoto.