Pacha wa Mkuyu

Siku hizo nyumba ilipata bomba la maji kwa kutunza mti wa mwituni, na kila mti ulipimwa vinasaba. Miwili ikilingana kabisa, mmoja hukatwa na bomba lake hufungwa. Mwenye mti mkongwe ndiye huchagua.

"Mama, mkuyu wako una pacha kule Kinole," bwana miti alimwambia Bi Sikudhani. "Tena si ndugu, ni mti uleule. Tawi lilikatwa hapa likachomekwa kule."

Bi Sikudhani alicheka. Mkuyu ule aliupanda marehemu mumewe, Mkude, naye hakuwa na jamaa Kinole. Hata hivyo, alifunga safari auone kabla ya kutia dole gumba kwenye karatasi ya kuchagua mti wa kukatwa.

Aliukuta uani kwa mwanamke mmoja aitwaye Tabu. Shinani yalizungushwa mawe saba meupe, na tawini ilining'inia kata ya kifuu. Wa kwake ulikuwa hivyohivyo. Mkude ndiye aliyeupamba, akisema mti nao hunawa uso asubuhi.

"Nani alikufundisha haya?" aliuliza.

"Baba watoto. Alikuwa akija kila mwisho wa mwezi, akakoma ghafla. Mwaka wa tatu huu namngoja. Unamfahamu, dada?"

Bi Sikudhani alipapasa karatasi ya bwana miti, aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Pale bombani watoto wawili walikuwa wakioga, wana masikio ya Mkude.

"Kaa chini, mke mwenzangu," alisema mwishowe. "Tuna misiba miwili: wa mume na wa mti."