Chai ya Mkuu wa Fedha

Mama alitandika shuka mpya kwenye kitanda cha mwanawe na kupika chakula cha watu wawili. Kwa hesabu yake, mwanawe mwenyewe alikuwa bado hajajua kwamba hana kazi.

Mama alijua. Asubuhi ndiye aliyepeleka chai kwenye mkutano wa wafadhili wa mradi wa mwanawe, ofisini anakofanya kazi ya kupika chai, akasikia kwa masikio yake: "Tunakata nusu ya pesa. Watu wapungue leo hii."

Na neno lililokata nusu hiyo lilitoka kinywani mwa Mama mwenyewe.

Mwanawe alikuwa fundi kwenye mtambo wa kuunganisha atomi, kama jua linavyofanya, ili siku moja watu wapate umeme usioisha. Alilala huko huko kazini, nyumbani alikuja Jumapili tu.

"Mama, pesa zikija kwa wakati, utauona umeme wetu ukiwa hai," alizoea kusema. "Zikikatwa, labda wajukuu zako."

Mama hakutaka umeme. Alitaka mtoto. Kila akisikia neno jua, alimwona mwanawe anaungua.

"Jua letu halina neno, likikosa chakula linazimika," mwanawe alimcheka. "Cha kuogopa ni gesi ya kupozea sumaku za mtambo. Ikivuja haina harufu, unaanguka kabla hujaita mama. Lakini tuna Pua."

Pua alikuwa mzee wa usalama. Kila zamu ikianza alitangulia ndani na kipimo cha hewa, wengine wakisubiri mlangoni. Jumapili nyingine alifuatana na kijana kuja kula.

"Dada, mimi ndiye ninayemnusia mwanao," alitania. "Hebu niongeze nyama."

Mama alicheka, lakini moyo haukutulia. Basi wiki iliyopita mkuu wa fedha wa wafadhili alipopokea kikombe chake akauliza, "Mama, hivi mwanao anasemaje? Kazi inakwenda kule?", akamjibu: "Mh! Wanacheza tu, baba. Mtambo haujawaka hata siku moja."

Uongo mtupu. Mtambo uliwaka mwezi uliopita, na siku hiyo mwanawe alimbeba juu juu jikoni kwa furaha, mpaka kanga ikamdondoka.

Sasa alikaa mbele ya sahani mbili. Miaka ya jasho la watoto wa watu, ameirudisha nyuma kwa kikombe cha chai. Atanichukia, aliwaza. Lakini atanichukia akiwa mzima.

Geti likalia. Dirishani akaona mtu amebeba boksi la vitu vya kazini. Akakimbilia mlango, pole zimemjaa mdomoni.

Alikuwa Pua.

"Wametutoa, dada. Watu wa usalama wote. Eti hatuzalishi kitu."

"Na mwanangu?"

"Yule? Hawakumgusa, fundi kama yule watampata wapi. Nimemwacha anaanza zamu. Kaingia peke yake."