Supu ya Asubuhi ya Mtihani

"Kunywa, binti. Leo si siku yako ya kuzaliwa?" Mama mwenye nyumba alinisogezea bakuli la supu ya mwani, ile Wakorea hunywa siku ya kuzaliwa.

Nilishavaa koti. Hapa Seoul hakuna anayegusa mwani siku ya mtihani; wanasema utateleza ufeli. Nami nikifeli Kikorea leo, viza yangu haiongezwi tena.

Nilichota. Mwani uling'ang'ania kijiko, mweusi, ukidondosha mafuta ya ufuta.

Ndipo akaiona kadi yangu ya mtihani mezani. Akabadilika uso.

"Solongo, mbona hukusema? Lete nikaimwage."

Tangu alfajiri nilikuwa nikiangalia simu. Nyumbani Mongolia hakuna aliyepiga kunitakia heri.

Nikalikumbatia bakuli kwa mikono miwili, nikanywa mpaka mwani wa mwisho.

"Niongezee, mama."