Cha Njano Kiwe Juu

Serwaa alikuwa amekwisha kukata kipande kimoja ndipo alipotambua ni kitambaa gani.

Alikuwa akishona vitambaa vya kuwekea sahani. Mumewe, aliyelala chumbani tangu mvua za kwanza, alikuwa ameahidi kwamba Jumapili atakula mezani. Upande wa juu ulikuwa wa njano. Kitambaa cha upande wa chini alikitoa katika mfuko ambao wifi yake aliuacha sebuleni.

Sasa alilikunjua jora lote. Lilikuwa jekundu na jeusi, bado lina harufu ya duka: nguo ambayo ukoo mzima huivaa sare siku ya kuzika.

Wifi akaingia. "We Serwaa! Umekata nguo ya watu?"

"Nani amekufa, wifi?"

Wifi alitazama mlango wa chumbani, kisha akainamisha macho.

"Mama watoto!" mume aliita kwa sauti nyembamba. "Hivyo vitambaa bado tu? Au mnangoja nije nishone mwenyewe?"

Serwaa alitaka kucheka, akashindwa. Mkasi ulikuwa ungali umeuma kitambaa.

Wifi alivuta kiti karibu na cherehani, akavilaza pamoja vile vipande viwili.

"Shona," alinong'ona. "Cha njano kiwe juu."