Herufi za Juu Juu

Katika mji ule mdogo, mtu akifiwa na mwenzi wake, jina lake pia lilichongwa papo hapo kwenye jiwe la kaburi, kando ya la marehemu, likisubiri mwaka wake wa kufa. Vijana walikuwa wameshahama, na majina yalikuwa mengi makaburini kuliko milangoni.

Teréz alikuwa akipangusa jiwe la mumewe, Bálint alipomjia kofia mkononi. Bálint ndiye aliyelichonga.

"Nimekuja kusikia jibu langu," alisema.

"Fundi, watu watatucheka. Tazama, mimi nimeshaandikwa hapa. Ukinioa, nikifa utanizika wapi? Au utakuja kulala katikati yetu?"

"Umewahi kuligusa jina lako?"

"Nalisoma kila Jumapili, linanitosha."

"Liguse."

Teréz alivua glavu. Kidole kilizama katika jina la mumewe, mvua ya asubuhi ikiwa bado imetuama ndani ya herufi. Alipokipeleka kwenye jina lake mwenyewe, kiliteleza tu.

"Mumeo nilimchimba," Bálint alisema. "Wewe nilikukwaruza juu juu. Kwa msasa unafutika."

"Ulifanya hivyo mimi nikiwa na kitambaa cheusi cha msiba kichwani! Huna haya?"

"Sina. Nilikuwa nayo, ikaniisha kwa kusubiri."

Jua lilichomoza mawinguni, maji yakametameta ndani ya jina la mumewe. Jina la Teréz mwenyewe lilikuwa limeshakauka, na kidole chake kilikuwa bado juu yake, kikienda na kurudi, kikienda na kurudi.