Pimbi Aliyeitika Jina Lake Tu

Palikuwa na jabali walimoishi pimbi wengi, na mwito mmoja ulitosha kusikika mapangoni mote. Mzee Kibyongo, mkubwa wao, aliamuru kila asikiaye mwito atoke mbio. Sikuzani, mama wa watoto watatu, akakataa.

"Nitatoka nikiitwa kwa jina langu."

"Kiburi hicho!" Kibyongo akafoka. "Ukisikia sauti, toka!"

"Sitoki, hata ukinifukuza jabalini."

Asubuhi moja ikasikika sauti: "Nyote, njooni, majani mabichi!" Pimbi wakamiminika nje, kumbe aliyeita ni Chui. Kibyongo akaponea chupuchupu, akakimbilia pangoni kwa Sikuzani.

"Wewe, nipishe!"

Sikuzani akaziba mlango kwa mwili wake.

"Sikuzani! Mama Sikuzani, tafadhali!"

"Abee," akaitika, akampisha.