Kisima cha Sita

Ukumbi mzima ulimpigia makofi profesa wangu wa zamani aliposema kuwa jeshi lile la kale halikuwa na watu laki tatu, kama nyimbo zinavyodai, bali elfu thelathini tu.

"Jeshi hunywa maji," alisema. "Nilihesabu visima vya njiani. Ni sita."

Hesabu hiyo ilikuwa yangu. Miaka tisa iliyopita aliitupa tasnifu yangu mezani akaniambia, "Binti, hizi ni porojo. Kaolewe." Shubiri hiyo nimeimeza kila siku.

Nikanyoosha mkono. Hakunikumbuka.

"Profesa, visima hivyo ulivifikia mwenyewe?"

"Vyote, kwa miguu yangu hii."

Moyo ukanitulia tuli. Visima ni vitano. Kimoja kiko pale karatasi mbili za ramani zinapoungana, nami kwa pupa ya mwanafunzi nilikihesabu mara mbili.

"Na hicho cha sita," nikauliza, huku nikitoa daftari langu kuukuu mkobani, "maji yake ni ya chumvi au matamu?"

Alitabasamu, akawageukia wasikilizaji wake.

"Matamu, mama. Niliyanywa."